Ndege Mliyoinunua Nikiwa Kitandani

Ti!

Mara moja tu, usiku wa kuamkia leo, mama yenu akiwa amesinzia kitini na nyinyi mmeshajifungia vyumbani. Ti! Ni sauti ya bati jembamba lililoshinda juani. Likipoa linajikunja, linalia mara moja, kisha linanyamaza kama mtu aliyejikwaa akaona haya. Nimeishi na sauti hiyo miaka yote ya kazi yangu. Paa la nyumba hii halilii hivyo. Pipa la mafuta halilii hivyo. Gari la Waziri halilii hivyo, maana lile likianza kulia halinyamazi. Nikajua. Nikasema moyoni, wameinunua ile ndege, wameileta, wameiegesha nyuma ya banda, upande ambao dirisha langu haliufikii, na mtaa mzima umeshaambiwa isipokuwa mimi niliyelala hapa.

Msiinamishe vichwa, wanangu. Sikuwaita niwagombeze. Baba anayegeuzwa kitandani kama godoro linaloanikwa hana tena sauti ya kugombeza mtu. Waziri, vuta kiti. Tangu shule ya msingi wenzako walikuita Waziri kwa sababu huwezi kuomba chumvi mezani bila kutoa hotuba, basi leo hotuba iweke kando, unisikilize. Na wewe kitinda mimba wangu, rubani wangu, kaa hapa ukingoni mwa kitanda, upande wa sikio langu zima. Mama yenu mwacheni palepale mlangoni, ndipo anapopenda kusimama siku hizi, nusu ndani nusu nje. Leo natoa wosia wangu, na nautoa kwa mdomo kwa kuwa mkono hauandiki tena. Msinikatize, maana pumzi yangu ikikatika katikati ya neno sijui kama itarudi kulimalizia.

Mwanzoni mlinishirikisha, hilo silikatai. Mlipofika uwanjani kwa yule dalali mlinipigia simu, na kitinda mimba ukanieleza ukiwa na furaha mpaka maneno yanagongana: baba, ndiyo hii, injini moja ya tabaini, ile inayokunywa mafuta ya taa, mabawa yako juu, mlango wa ubavuni mpana unapitisha machela, chini ina maboya mawili marefu kama mitumbwi, na ndani ya maboya magurudumu manne ya kutoka na kuingia, inatua kwenye lami, inatua ziwani, baba, popote! Nikasema, mpe simu mwenye mali. Akaja dalali na sauti yake iliyopakwa mafuta. "Shikamoo mzee. Ndege hii haijaguswa na chumvi hata ya mchuzi. Maji baridi matupu tangu izaliwe." Nikamwambia marahaba, basi kama ni hivyo mpe binti yangu bisibisi, agonge maboya kwa mpini, nami nisikie. Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, unanunua ndege au unanunua ngoma?" Nikamwambia, "Ngoma ikipasuka watu wanaacha kucheza wanakwenda nyumbani. Wewe mpe bisibisi."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha nyinyi. Macho ya mnunuzi yanadanganywa na rangi mpya, lakini rangi haijui kubadilisha sauti. Bati zima likigongwa linaimba. Bati lililoliwa na maji chumvi, pale mabati mawili yalipolaliana na ule unga mweupe ukajificha katikati, haliimbi, linajibu kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kitinda mimba, uligonga vizuri. Ulikuwa unanitajia mahali kabla ya kugonga, kama nilivyokuzoeza. Boya la kulia liliimba lote, kuanzia puani mpaka mkiani, nikalala hapa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Ukahamia la kushoto. Likaimba, likaimba, mpaka ulipofika chumba cha tatu, chini, karibu na pale linapojikunja kuachana na maji. Du. Nikasema rudia. Du. Nikasema sogea kidogo kushoto. Du. Nikawaambia: rudini nyumbani.

Nawe Waziri ukachukua simu ukasema, "Baba, ni mtandao huo, simu inakatakata." Nikakuuliza mtandao gani unaokata boya la kushoto peke yake ukaliacha la kulia. Ukasema, "Lakini injini, baba! Fundi wao ameifungua, injini kama mpya." Injini, mwanangu, siyo inayoelea.

Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Mkawa mnaniuliza kama nimekula, kama nimelala, kama mto uko sawa. Habari ya ndege hakuna. Najua dalali aliwaambia kuna mnunuzi mwingine yuko njiani anakuja na fedha mkononi. Huyo mnunuzi mwingine namjua sana. Nimeuziwa vitu vingi maishani kwa kumwogopa yeye, na mpaka leo sijawahi kumwona uso.

Sasa iko hapo nje. Mmetazama leo asubuhi nilivyohangaika. Nimewaomba mnibebe nikaigonge mwenyewe, daktari akasema, "Mzee, ukikaa wima moyo wako utagoma." Mkanipandisha kwa mito mpaka nikafika usawa wa dirisha, na nilichokiona ni ncha ya mkia na kivuli chini yake. Basi. Boya lenyewe liko hatua chache kutoka kichwani pangu, nyuma ya ukuta huu, na ni kama liko mwezini. Mikono hii inajua pa kugonga, inajua nguvu ya kugongea, na jana imeshindwa kushika kijiko. Nimelala hapa nikiwa na ujuzi wote niliouchuma, na hauna pa kwenda.

Wala siwezi kuwakataza. Nimelifikiria hilo usiku mzima baada ya ile ti. Nikasema, nitatoa katazo la mwisho, neno la baba anayekufa, nione nani atathubutu kulivuka. Halafu nikakumbuka watu wa visiwani. Nikakumbuka wajawazito wanaovushwa kwa mashua kutwa nzima, wengine wanajifungulia juu ya magunia ya samaki, wengine hawafiki. Kitinda mimba, wewe hukusomea urubani kwa ajili ya kupiga picha umevaa miwani. Nakujua. Nikikukataza utasema ndiyo baba, na nikishafunikwa udongo utapanda. Basi bora upande ukiwa umebeba maneno yangu kuliko upande ukiyakanyaga.

Kwanza mali, tuimalize, maana ndiyo nyepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakapoichoka yeye, si mpaka mtakapoichoka nyinyi. Shamba mmeshaliuza mkaongezea kwenye ndege. Sina neno, lilikuwa lenu na mavuno yake makubwa yalikuwa mawe. Banda na gati ni vyenu wawili, msigawane ukuta katikati kama watu waliogombana. Vifaa vyangu vyote ni vya kitinda mimba. Waziri usinune, wewe ukishika spana watu wanakimbilia dawa ya jeraha. Wewe ni wa ofisi, wateja, leseni na bima, na neno moja nakupa ulimeze kama dawa: usimwambie dada yako kwamba abiria wanasubiri. Asubuhi yoyote, mvua yoyote, bosi yeyote aliyekaa pale na mkoba wake, usimwambie. Wasubiri. Wakichoka watapanda mashua. Maneno hayo mawili, abiria wanasubiri, yameua marubani kuliko ukungu.

Pili, boya. Ndege hiyo isiguse maji mpaka mjomba wenu alifungue boya la kushoto.

Naam, mjomba wenu. Msinitazame hivyo. Kaka wa mama yenu, yule wa ng'ambo ya ghuba ambaye hamjamwona akikanyaga hapa tangu mkiwa wadogo. Hakuna mtu anayejua maboya kama yeye katika ziwa zima. Akilala juu ya boya anajua lilipoumia, kama mama anavyojua mtoto ana homa. Mimi na yeye tuliachana kaburini, siku ya kumzika kaka yenu mkubwa. Watu wameshika majembe, mama yenu ameshikiliwa na wanawake wenzake, na yeye akasema kwa sauti ile yake kavu, "Kijana kasahau magurudumu, basi." Alisema kweli. Nikamfukuza na kweli yake. Nimejaribu kumsamehe, nimejaribu hasa tangu niugue, roho imekataa, na sitawadanganya kwamba imekubali. Kwa hiyo msimpelekee salamu zangu tamu. Mwambieni tu, boya la kushoto, chumba cha tatu, linasema du. Atakuja. Fundi hawezi kulala akishaambiwa habari kama hiyo.

Akifungua akakuta unga mweupe, bati likatwe, hata likatwe lote. Msianze kumkimbiza dalali. Ameshabadilisha namba ya simu. Mtabaki na ndege isiyo na miguu mpaka mpate bati jipya, na watu watapita hapa wakiwacheka, nanyi mtavumilia. Na kama mjomba wenu asipokuja, au akija macho yake yawe yamekwisha... hapo sijui. Nimelizungusha hilo kichwani mpaka kumekucha na sijui. Hapo ndipo baba yenu anapogota.

Unasemaje, mwanangu? Utakuwa mwangalifu?

Kaka yako alikuwa mwangalifu kuliko wewe. Alikuwa anakunja mpaka soksi.

Ngojeni nivute pumzi.

Kaka yenu. Humu ndani tunamwita hivyo tu: kaka yenu, marehemu, yule mkubwa. Mmekua mkidhani ni mwiko wa ukoo kutaja jina lake. Ukoo huu hauna mwiko huo. Mimi nimenyamaza kwa ajili ya mama yenu, na yeye amenyamaza kwa sababu nitakayowaambia, naye yupo hapo mlangoni anasikia, akitaka kunizuia atanizuia.

Wakati ule ofisi ya gatini ilikuwa yake. Meza moja, dirisha linalotazama ziwa, redio ya upepo, na kikombe kisicho na mkono alichowekea kalamu. Kila kaka yenu alipokuja kutua majini, mama yenu alibonyeza redio akauliza, "Magurudumu?" Naye anajibu, "Juu, mama." Ndivyo tulivyofanya kazi. Ndege za namna hii, wanangu, zina kosa moja ambalo ni lao peke yao. Rubani wa lami akisahau magurudumu, anakwaruza tumbo, anashuka anajikung'uta. Rubani wa maji tupu hana magurudumu ya kusahau. Lakini huyu mwenye vyote viwili, akitua ziwani magurudumu yakiwa nje, maji yanayashika kama mkono, na ndege inapinduka kichwa chini kabla hajamaliza kushangaa.

Siku ile ametoka kiwanjani kuja gatini, safari fupi ya kuvuka mtaa tu. Breki zilikuwa za moto, akayaacha magurudumu nje yapigwe na upepo yapoe, kama wanavyofanya marubani wote wa ndege hizi. Angeyapandisha baadaye kidogo. Mama yenu akauliza, "Magurudumu?" Akajibu, "Juu, mama." Hakuwa anadanganya. Nyinyi mkiamshwa mkiulizwa habari za asubuhi, si mnajibu nzuri? Mna homa, mmefiwa, paa linavuja, mnajibu nzuri. Mdomo unajibu, mtu mwenyewe hayupo. Ndivyo alivyojibu.

Mama yenu akainua macho dirishani, akayaona yananing'inia, yote manne, yanang'aa. Sheria ya redio unaita namba ya ndege. Yeye akabonyeza akaita jina. Jina tu. Hakusema pandisha, hakusema usitue, jina lilipita mbele ya maneno mengine yote. Mimi nilikuwa bandani mkono umezama ndani ya injini, redio ndogo iko juu ya rafu, nikalisikia jina la mwanangu likijaza banda zima, kisha nikasikia ziwa.

Tangu siku hiyo hajalitaja. Hajakaa tena kwenye kiti kile. Tulibaki kutengeneza injini za watu na kuuza mafuta ya mashua, nanyi mkadhani biashara ilikuwa mbaya.

Waziri, mpe mama yako leso. Hataki? Haya, mwache.

Neno la tatu, na ndilo wosia wenyewe. Yale mengine mtu yeyote angewaambia. Swali lile, magurudumu, nimelizika. Msilitumie tena. Ni swali linalojibiwa na mdomo. Kuanzia sasa anayekaa gatini atauliza hivi: "Unaona nini?" Na wewe kitinda mimba utatazama kwenye kile kioo kidogo chini ya bawa, utamwambia unachokiona, kimoja kimoja, kama unamwelezea kipofu. Usiseme juu, usiseme chini, usiseme sawa. Taa za mbele yako za kuonyesha magurudumu zinaweza kuungua, na mazoea ndiyo mwongo mkubwa kuliko taa. Sema unachokiona. Kama hujaona, usitue, zunguka tena, hata kama mafuta yanalalamika, hata kama ndugu yako anapunga mikono gatini kama anafukuza ndege wa mpunga.

Na awepo wa kuuliza. Mtu mwenye macho, dirishani, kila safari. Si kijana wa kuajiriwa anayechezea simu. Nani, siwezi kusema. Ningesema mimi mwenyewe, nimeitamani kazi hiyo kuliko kupona, kukaa tu pale na kuuliza... Waziri, usimtazame mama yako. Nimesema usimtazame. Hilo siamrishi. Hilo halimo kwenye wosia.

Haya. Nakwisha, naona dirisha linakuwa kubwa halafu linakuwa dogo. Mnizike bila maneno mengi, Waziri, hotuba yako iwe fupi kuliko jeneza. Mpendane hata siku mtakayokuwa mmechukiana. Aliyewaleta duniani awafunike angani na majini, awape macho yanayoona, awarudishe nyumbani jioni. Mikono yangu iko juu ya vichwa vyenu. Haiinuki, lakini hesabuni kwamba iko hapo.

Kitinda mimba, tujaribu kabla sijalala. Nisikie tu mara moja. Mimi niko gatini. Wewe unatoka kisiwani, jua liko nyuma yako, una mgonjwa. Usifumbe macho! Nimetoka kusema nini? Tazama. Tazama ukuta, ndiyo kioo chako.

Unaona nini?

Unasema gurudumu la mbele la kushoto halipo, mlango wake umefungwa... vizuri... la nyuma la kushoto halipo... la kulia... polepole, mwanangu, unaanza kukimbia, unasoma kama mtoto anayekariri. Hapo ni mdomo. Umeshaacha kutazama. Tena.

Una...

Ngoja. Maji. Hapana, usiinue kichwa. Mdomo tu, loanisha mdomo.

Una... sauti imekwenda wapi. Nauliza nami sijisikii. Tena, mwanangu, mimi nauliza, wewe jibu... Una...

Nani huyo?

Waziri, ni wewe umeuliza? Si wewe. Ni sauti ya... Ameingia. Ameacha mlango, amekuja mpaka hapa miguuni. Mmesikia alivyoanza? Kabla ya kuuliza, mmesikia amemwita nani? Hakukuita wewe, kitinda mimba. Amelitaja lile jina. Amelitaja lote, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua, kisha akasema, unaona nini.

Usimrekebishe. Usimwambie wewe siye. Mtazame mama yako usoni, umjibu. Mwambie unachokiona.